Siku Mama Alipopelekwa Nyumbani kwa Boti

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa kazini Malaba. Foleni ya malori ilikuwa imejaa barabara tangu alfajiri, na madereva walikuwa wametandika maboksi chini ya matrela wakalala. Mimi ni karani kwa wakala mmoja wa forodha. Dirisha langu linatazama foleni hiyo, na kwa miaka mingi nimeona watu wakingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa kazi.

"Jumamosi nakuja na wageni," alisema. "Tunatoka bandari ya Sio Port na yoti, tunashuka kusini mpaka ile mikondo ya Budalang'i. Mlete mama. Nataka aone nyumbani."

Nikauliza kama hajui ni msimu wa mvua.

"Yoti ina paa," akasema. "Wewe mlete tu."

Niliporudi Busia jioni nikamwambia mama. Alikuwa anachambua dengu sebuleni, karibu na mlango, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho na anataka mwanga wote anaoweza kupata. Aliweka ungo chini. Akaniuliza kama lile gauni lake la kanisani lilikuwa limekauka.

Inafaa nieleze nyumbani ni wapi, maana ukienda sasa hutapaona. Tulikuwa na boma kwenye nchi ya chini, kati ya mto Nzoia na ziwa. Mafuriko tuliyazoea. Mto ulipanda, tukapanda kwenye tuta, mto ukashuka, tukarudi kuchimbua matope kutoka jikoni. Lakini ile mara ya mwisho maji hayakutoka mtoni. Yalitoka ziwani, polepole, bila kelele, yakisogea juu siku baada ya siku mpaka yakaingia kwenye choo, kwenye ghala, kitandani. Na hayakushuka tena. Mafunjo yakafuata maji. Njia tuliyopita kwenda shule ikawa mkondo, na barabara ya sokoni ikawa mkondo mwingine mpana zaidi. Baba tulikuwa tumemzika bomani, upande wa kushoto wa nyumba, kaburi la saruji ambalo mama alilipaka chokaa kila Krismasi. Nalo likaenda chini.

Mama alikaa kwenye hema juu ya tuta na majirani mpaka kifua kikamshika, ndipo nikamleta Busia. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kufikishwa mahali pale, hata kwa mtumbwi, asimame juu ya maji azungumze na mumewe. Mimi sikuwa na uwezo huo. Kutoka Port Victoria mpaka kwetu ni mbali kwa mtumbwi wa kasia, viboko wamejaa, na mama hawezi hata kupanda boda boda bila kushikwa. Kila mara nilimwambia tutaenda. Kwa hiyo simu ya kaka ilipokuja, hata mimi, ambaye namjua, nilifurahi.

Ijumaa mama aliomba nimpigie. Alimwita "Baba" kama kawaida yake, kwa sababu kaka amebeba jina la baba yake mama.

"Baba, tukifika pale, mtazima injini?"

Nilisikia sauti yake kwenye spika. "Tutazima, mama."

"Kidogo tu. Siwezi kuongea na mtu kukiwa na kelele."

"Mama, nimesema tutazima."

Tulifika Sio Port asubuhi kukiwa kunanyesha ile mvua nyembamba isiyo na haraka. Omena, dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeondolewa kwenye nyavu za kukaushia na kufunikwa plastiki, na wanawake walikuwa wamejikunyata chini ya vibanda vya mabati wakiitazama mvua kama mgeni aliyekaa sana. Yoti ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, nyeupe, mlingoti mmoja, tanga limefungwa, katikati ya mitumbwi iliyopakwa rangi za bendera. Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema vinginevyo. Kaka aliinunua na watu wengine wa Nairobi, na mpango wao ulikuwa kuleta watalii.

Wageni walikuwa bwana mmoja mnene mwenye koti la mvua la kijani na mke wake. Kaka alimwita yule bwana "mkuu". Kaka alitusalimia sisi haraka, akamkumbatia mama kwa mkono mmoja, kisha akatujulisha.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Na huyu ndiye anamwangalia."

Nilingoja amalize. Nilidhani ataongeza neno. Hakuongeza. Yule mama mgeni akanitazama kwa upole, akaniuliza kama nimezoea wazee. Nikamwambia nimemzoea huyu. Akasema ni vizuri, siku hizi kupata mtu mwaminifu ni kazi. Mama alikuwa anahangaika na mwavuli na sijui kama alisikia.

Vijana wa pwani ile hubeba abiria mgongoni mpaka kwenye mtumbwi. Waliwabeba wageni kwanza, kisha kaka, kisha mizigo ya wageni, masanduku ya barafu na vinywaji. Mama alibebwa mwisho, gauni lake la kanisani limekunjwa magotini, miguu yake myembamba ikining'inia. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ahamie kwangu.

Ndani ya yoti kulikuwa na chumba cha chini, chenye viti vilivyoshonewa sponji na dirisha dogo la mviringo kila upande. Kaka alisema mama akae humo asiloe. Juu, nyuma, kulikuwa na turubai lililotandazwa juu ya viti vingine, na huko ndiko walikoketi yeye na wageni. Nahodha, mtu wa Sio Port wa makamo, alisimama kwenye usukani bila kusema mengi. Mimi nilianza kwa kukaa na mama. Kisha sauti ya yule mama mgeni ikaita kutoka juu, "Dada, kuna chai?" Nikamtazama kaka kupitia mlangoni. Akanionyesha kwa kidevu palipo na jiko.

Basi nikatengeneza chai. Nikapeleka. Nikarudi kuchukua sukari. Nikapewa viatu vya mgeni vilivyolowa nivianike karibu na injini. Mtu akishakupa viatu vyake na ukavipokea, ni vigumu baadaye kumwambia kwamba wewe ni dada wa mwenye chombo. Na huyo mwenye chombo alikuwa ameketi pale pale.

Tulishuka na ziwa mpaka tukapita Port Victoria, mvua ikizidi. Upande wa nchi kavu ulikuwa haupo, ni kijivu tu. Kisha mdomo wa Nzoia, maji yakabadilika rangi yakawa ya udongo, na nahodha akapunguza mwendo akaingia kwenye mafunjo. Mikondo ilianzia hapo. Mafunjo yamesimama pande zote mbili, marefu kuliko turubai, yameinamishwa na mvua, na maji katikati ni meusi, yametulia. Hakuna mtumbwi, hakuna moshi. Wageni walikuwa wanapiga picha na kusema ni kama dunia ya kwanza kabisa.

Mama chini alikuwa amebandika uso kwenye dirisha. Kioo kilikuwa na ukungu ndani na mvua nje, akawa anakipangusa kwa ncha ya leso, na kila akikipangusa kinajaa ukungu tena.

"Tumefika wapi?" aliniuliza.

"Tumeingia mafunjoni. Bado kidogo."

"Ukiona paa la kanisa uniambie."

Nilipanda juu na thamosi. Ndipo nikaliona. Mabati ya kanisa letu yametokeza kwenye maji kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, yamekula kutu, yangeyange wamejipanga juu yake. Kutoka kanisani mpaka kwetu ni mashamba mawili tu. Nilihesabu kwa macho, shamba la kwanza, la pili, nikaona mikaratusi yetu mitatu iliyokauka imesimama majini. Pale.

Yule bwana alikuwa ameliona pia. "Lile paa ni la nini?" aliuliza.

"Ni ghala," kaka alijibu. "Wavuvi wa zamani walikuwa wanaweka nyavu."

"Kwa hiyo watu walikaa huku?"

"Hapana, mkuu. Huku hakujawahi kuwa na watu. Ni ndege na viboko tu. Ndiyo uzuri wake, hakuna mtu wa kukusumbua kesho aseme ni kwake."

Kaka alibatizwa chini ya mabati yale. Jeneza la baba liliwekwa mbele ya madhabahu ile, na yeye ndiye aliyesoma risala, akalia mpaka mzee mmoja wa kanisa akaja kumshika bega. Nilimtazama usoni. Alikuwa anatazama glasi yake.

Nilienda kwa nahodha nikamwambia, "Tafadhali, simama hapa. Kwenye ile miti."

"Dada, mimi nasikiza boss," alisema, bila ubaya.

Nikarudi, nikamwambia kaka kwa lugha yetu kwamba tumefika, na mama anangoja. Aliinuka akanishika kiwiko, akanipeleka mbele ambako mvua ilikuwa inapiga moja kwa moja.

"Si sasa," alisema.

"Ulimwahidi."

"Najua nilimwahidi. Lakini nimeshawaambia hapa hakuna mtu. Nikisimamisha mama aanze kuongea na kaburi, watafikiria nini? Watasema kuna wenyewe."

"Kuna wenyewe. Ni sisi."

"Ndiyo, ni sisi, na ni mimi natafuta njia ya hii ardhi kutupa kitu badala ya kutulia tu chini ya maji. Hawa wakikubali kuingia kwenye biashara, nitamjengea mama nyumba ya mawe, mahali pa juu. Unafikiri napenda kumwona kwenye zile vyumba zako viwili?" Alipangusa maji usoni. "Tutasimama tukirudi. Watakuwa wamelala saa hiyo. Nakuapia."

Miti ilikuwa imeshapita. Nilitazama nyuma, na mafunjo yakafunga.

Nikashuka. Mama aliuliza kama bado. Nikamwambia kaka amesema tutasimama tukirudi, lakini wakati huo huo yule mama mgeni aliita tena kutoka juu na injini ilikuwa inanguruma, na mama, ambaye sikio moja halisikii vizuri, aliitikia tu kwa kichwa. Nilifikiri ameelewa.

Nilikuwa nimeitwa nishike mwavuli. Yule bwana mgeni alikuwa na kamera yenye lenzi ndefu na hakutaka iloe, kwa hiyo nilisimama nyuma yake nikamshikia mwavuli, mgongo wangu nje kwenye mvua, wakati tukizidi kwenda kusini. Mikondo ilizidi kuwa myembamba. Mahali pengine mafunjo yalikwaruza ubavu wa yoti. Tulikuwa tumepita mbali na nchi ya watu wetu, tumeingia kwenye kinamasi ambacho hata baba, aliyevua maisha yake yote, alikuwa hakijui.

Kisha yule mama mgeni akainua mkono. "Pale," akanong'ona. "Msimtishe."

Kwenye unyasi mmoja alikuwa ameketi ndege mwenye kifua chekundu kama damu mbichi na kofia ya njano. Inasemekana anaishi kwenye mafunjo tu na watu huvuka bahari kuja kumtafuta. Kaka alimwonyesha nahodha ishara kwa mkono, na nahodha akazima injini.

Kimya kilichoshuka kilikuwa kikubwa. Mvua tu kwenye mafunjo. Yoti ikaelea. Kamera ikalia mara moja, mara mbili.

Na chini yetu, ndani ya kile chumba, mama akaanza kuongea.

Alianza kwa kumwita baba kwa jina lake la ukoo, kama alivyomwita akiwa anarudi jioni kutoka ziwani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili. Alimsalimia. Akamwomba msamaha kwa kukawia.

"Nani huyo anaongea?" mgeni alinong'ona. "Atamfukuza."

Kaka alinigeukia. Nilimwona ameelewa. Nilimwona ameelewa vizuri kabisa mama anafanya nini na anadhani amesimama wapi, na kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa mtoto niliyekua naye. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie anyamaze kidogo."

Nilimwachia mgeni mwavuli wake mkononi nikashuka.

Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti, mwingine umefungua lile dirisha dogo. Mvua ilikuwa inaingia inamlowesha kifua. Nilisimama mlangoni. Sikumwambia anyamaze. Wala sikumwambia kwamba tumepita.

"Wamenileta watoto wako," alikuwa anasema. "Wote wawili. Huyu mkubwa ana meli sasa. Ungeiona, ina hata jiko. Na huyu mdogo ndiye nakaa naye, hana mume, lakini halalamiki sana." Alicheka kidogo. "Mimi sijambo. Macho tu. Ng'ombe waliisha. Yule jirani yako uliyegombana naye kwa sababu ya mpaka alikufa, na mpaka wenyewe umekwenda na maji, kwa hiyo mkikutana huko muache hiyo maneno."

Alimwambia habari za nani kaoa na nani kazikwa. Alimwambia chokaa hapaki tena, amsamehe. Kisha akaingiza vidole kwenye kifua cha gauni akatoa kijikaratasi kilichosokotwa. Ndani kulikuwa na ugoro aliokuwa akiupenda baba. Sijui alinunua lini wala alimtuma nani sokoni. Akaufungua, akanyoosha mkono nje ya dirisha akaumwaga wote majini, na mwingine ukapeperuka ukarudi kwenye mkono wake. Akapangusa vidole kwenye leso.

"Haya," alisema. "Kaa vizuri."

Injini ikawaka. Ndege alikuwa ameruka, nadhani. Mama akaketi, akaniona.

"Umesikia? Baba amezima kabisa kama nilivyomwomba. Na hakuna mtu aliyenisumbua."

Nilimfunga leso kavu mabegani. Maji yale aliyomwagia ugoro yalikuwa kinamasi cha watu nisiowajua, mwendo mrefu kutoka kwenye miti yetu, na chini yake hakuna kitu chochote isipokuwa mizizi na matope. Nilifungua mdomo. Alikuwa ameegemeza kichwa, amefumba macho, na uso wake ulikuwa umelainika kiasi kwamba nilimwona alivyokuwa msichana. Nikaufunga mdomo.

Tuliporudi hatukupita mikondoni. Mvua ilikuwa imepungua na wageni walitaka kuona ziwa wazi, na nahodha akatoka kwa njia nyingine moja kwa moja kwenye maji makubwa. Niliwaona yangeyange kwa mbali wakiruka juu ya mafunjo, labda juu ya mabati yetu, labda penginepo. Mama alilala njia nzima. Hakuuliza tena, kwa nini aulize?

Kule Sio Port, wageni walipokuwa wameshaingia kwenye gari lao, nilimfuata kaka ufukweni.

"Unajua alizungumza wapi," nilimwambia.

"Amefurahi au hakufurahi?"

"Alimwaga ugoro wa baba kwenye kinamasi. Baba hayuko pale."

Alikuwa anakung'uta mchanga kwenye viatu vyake. "Maji ni yale yale," alisema. "Yanazunguka. Ukitaka kumwambia mama amekosea mahali, nenda mwambie. Mimi sikuzuii."

Alijua sitamwambia. Kwa maisha yangu yote amekuwa akinijua hivyo, na amejenga mambo yake juu ya kunijua huko.

Sasa yoti inafanya kazi. Wale wageni waliingia. Nimeona picha zake kwenye simu ya mwenzangu ofisini: mafunjo, mvua, watu wenye makoti ya rangi wakishika vikombe, na maneno kwamba mikondo ya kusini ni pori ambalo binadamu hajaligusa. Katika picha moja mabati ya kanisa yanaonekana nyuma ya bega la mtu. Mwenzangu aliniuliza kama si kwetu huko. Nikamwambia ni karibu na kwetu. Nyumba ya mawe mahali pa juu haijajengwa, na mama hajawahi kuiulizia kwa sababu hakuwahi kuambiwa kuna mpango huo. Niliyeambiwa ni mimi peke yangu.

Wanawake wa kanisa wakija kumtembelea, mama huwasimulia. Anaeleza jinsi mtoto wake wa kwanza alivyotoka Nairobi na meli, akambeba mpaka juu ya kaburi la mumewe, akazima injini, watu wote wakanyamaza kwa heshima mpaka akamaliza. Wanawake wanapiga vigelegele kidogo. Mmoja alisema laiti watoto wa siku hizi wangekuwa wote hivyo. Mimi naleta chai, naweka mezani, narudi jikoni.

Mwezi uliopita kaka alipiga simu. Alisema wageni wale walinisifu, na kwamba yoti inahitaji mtu wa kudumu wa kupika na kuhudumia, mtu anayejua kukaa na wageni, heri awe mtu wa nyumbani kuliko kutafuta nje. Nilimwambia nina kazi. Akasema nifikirie. Nikamwambia nimefikiria.

Mama alikuwa amesikia. Nilipokata simu aliniuliza nilichokataa ni nini, nikamweleza.

"Ndugu yako anakupa kazi na unaikataa?"

"Nina kazi, mama."

"Ya kuangalia malori." Alikuwa anatafuta kikombe chake mezani kwa kupapasa, nikakisogeza karibu na mkono wake. "Una roho ngumu wewe. Tangu utoto. Kama si yeye, mimi ningekufa bila kumuaga baba yako. Wewe ulikuwa unaniambia tutaenda, tutaenda. Yeye alinipeleka."

Nilikuwa na sukuma wiki kwenye ubao na kisu mkononi. Nilimwambia ni kweli, alimpeleka. Akasema nimpigie kesho nimwombe msamaha, na nisijibu watu vibaya. Nikasema sawa. Nje mvua ilikuwa imeanza, na nikaenda kuanua nguo.